Majina ya Metali katika Kiswahili: Kutoka Masango ya Misafara hadi "Metali za Mpito"

Miongoni mwa istilahi za kemia ambazo zimekwisha kuingia katika orodha zetu lakini bado hazijaingia katika vinywa vya watu ni ile ya "metali za mpito". Istilahi hii huzikusanya pamoja chuma, shaba, nikeli, kobalti, kromi, manganizi, fedha, dhahabu na jamaa zao wengine wengi. Mfasiri akikutana nayo huinakili kama alivyoikuta, mwalimu akiulizwa maana yake husita, na mwanafunzi huuliza swali lililo la haki kabisa: metali hizi zinapita kutoka wapi kwenda wapi? Katika makala haya tutajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Tunaona kwamba udhaifu wa istilahi hii hautokani na neno lenyewe, bali unatokana na kutengwa kwake na habari iliyoizaa, na pia na majina ya metali ambayo wasemaji wa Kiswahili walikuwa nayo zamani kabla ya kemia kufika.

Tumechagua kulitazama jambo hili tukiwa Singida. Mkoa huu haujulikani sana katika historia ya lugha, lakini sehemu zake za kusini zilipitiwa na misafara ya karne ya 19, na sehemu zake za kaskazini, huko Iramba, ndiko ulikoanzishwa mgodi wa kwanza wa dhahabu wa Tanganyika ya Wajerumani. Kwa hiyo matabaka yote ya majina tutakayoyataja yalipata kukutana katika nchi hii moja.

Tuanze na misafara. Njia kuu kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, baada ya kutoka Ugogo, iliingia katika pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo kwa sehemu kubwa limo leo katika maeneo ya Manyoni na Itigi. Burton alilipita mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871. Pamoja na nguo na shanga, wapagazi walibeba nyaya za shaba, na Waswahili walikuwa na jina la kila aina ya bidhaa hiyo: "masango" yalikuwa nyaya nene zilizotumika kama fedha ya kulipia njia na chakula, na "udodi" ulikuwa uzi mwembamba wa kusokotea bangili. Kutoka upande mwingine, majembe yaliyofuliwa na Warongo, kusini-magharibi ya Ziwa Victoria, yalisafiri kupitia Unyamwezi na kufika mbali mashariki, nayo pia yalikuwa mali ya kubadilishana na ya kutolea mahari.

Yafaa tuyatazame maneno haya kwa makini. Udodi ungeweza kuwa wa shaba au wa chuma na bado ukaitwa udodi. "Shaba" yenyewe ilikuwa jina la jamii nzima: ile tupu iliitwa shaba nyekundu, na ile iliyochanganywa na zinki iliitwa shaba nyeupe, ingawa kwa macho ya leo rangi yake ni ya manjano. Vivyo hivyo chuma kigumu cha makali kiliitwa "pua", na kile cha panga bora za pwani kiliitwa "feleji". Mfanyabiashara aliainisha kwa rangi, kwa umbo na kwa kazi. Hakuwa na haja ya kujua kitu hicho kimeundwa na nini, mradi kinakubalika sokoni. Dhahabu, fedha, shaba, risasi na zebaki ni maneno yenye asili ya Kiarabu yaliyoingia kwa biashara hiyo ya pwani, bali chuma ni neno la Kibantu. Hii si ajabu, kwani ufuaji wa chuma ulikuwa kazi ya bara kwa karne nyingi kabla ya misafara.

Tabaka la pili liliingia pamoja na utawala wa Kijerumani. Dhahabu iligunduliwa Sekenke, katika Iramba, mwaka 1907, na uchimbaji ukaanza mwaka 1909. Karibu na hapo ramani za jiolojia zinaonyesha mahali paitwapo Kirondatal. Jina hili ni la Kiramba kwa mwanzo wake na la Kijerumani kwa mwisho wake, maana "tal" kwa Kijerumani ni bonde. Hivyo anayesema "bonde la Kirondatal" anataja bonde mara mbili. Lakini mchango mkubwa zaidi wa mgodi huo katika historia ya lugha ulipitia Tabora.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga pwani, na sarafu hazikuweza tena kuletwa kutoka Ujerumani. Mwaka 1916 Wajerumani waligeuza karakana ya reli huko Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Humo zilipigwa sarafu za heller 5 na heller 20, za shaba nyekundu na za shaba nyeupe, na pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Dhahabu hiyo ilitoka Sekenke. Haikuwa dhahabu tupu: robo tatu tu ya uzito ilikuwa dhahabu, na robo iliyobaki ilikuwa metali nyingine, kwa kuwa dhahabu peke yake ni laini mno kwa sarafu ya kupita mikononi. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000 kabla Wabelgiji hawajaiteka Tabora mnamo Septemba mwaka huo huo.

Sarafu zenyewe zimekwisha, na leo hutafutwa na wakusanyaji tu. Neno la heller halikwisha. Ndilo "hela" tunalolitumia kila siku kwa maana ya fedha ya matumizi, na watu wachache hukumbuka kwamba asili yake ni sarafu ndogo ya shaba. Kwa hiyo Kiswahili kina majina mawili ya mali ya kununulia yaliyotoka kwenye metali: "fedha", ambayo ni jina la metali lililogeuka kuwa jina la mali, na "hela", ambayo ni jina la sarafu lililogeuka hivyo hivyo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha mwendo wa kawaida wa maneno ya metali: hayatulii mahali pamoja. Mwanakemia ndiye anayeyataka yatulie.

Hapo ndipo tabaka la tatu, yaani la shule na vitabu, linapoanza, na hapo ndipo matatizo yetu yanapoanza pia. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ililieleza "madini" kwa maana ya kitu kichimbwacho na kwa maana ya metali pia. Kwa matumizi ya wakati ule haikuwa na kasoro. Lakini mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka huo huo, ilibidi mawe yatenganishwe na kile kilichomo ndani ya mawe. Likachukuliwa neno "metali" kwa ajili ya kundi la elementi kama chuma na shaba, na "madini" yakabakizwa kwa vitu vya asili vichimbwavyo ardhini. Mgawanyo huo ndio uliofuatwa na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990.

Katika vitabu mgawanyo huo umekubalika, lakini katika ofisi haujakubalika. Mhudumu wa afya humpa mama mjamzito vidonge vya "madini chuma", na mnunuzi dukani huambiwa atafute chumvi yenye "madini joto", yaani iodini, ambayo si metali na wala haina joto lolote. Hatusemi kwamba maneno hayo yafutwe, maana yameokoa watu wengi kutokana na upungufu wa damu na uvimbe wa shingo, na neno linaloeleweka kliniki lina haki yake. Tunalosema ni kwamba mwalimu wa kemia ajue kuwa mwanafunzi wake amekwisha kulisikia neno "madini" likitumika hivyo tangu utotoni, na kwamba atalazimika kulirekebisha darasani kwa subira. Kadhalika "chuma": katika lugha ya kawaida kila kitu kigumu cha kufuliwa huitwa chuma, hata kiwe cha alumini. Na "bati" la kuezekea, ambalo jina lake ni la metali nyingine kabisa, ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu.

Ugumu huu huwafikia hata waandishi wa zabuni. "Chuma cha pua" kwa asili ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo kikawa kigumu. Siku hizi watu wengi hukitumia kwa chuma kisichoshika kutu, ambacho lazima kiwe na kromi ya kiasi cha asilimia 10.5 au zaidi. Hivi ni vitu viwili vyenye bei mbili, na afisa ugavi anayeagiza vifaa vya hospitali kwa jina moja hana budi kutarajia ugomvi. Sisi tungependelea "chuma cha pua" kibaki na maana yake ya zamani, na kile kingine kiitwe tu "chuma kisichoshika kutu". Jina hilo ni refu, lakini halimdanganyi mtu.

Sasa tuingie katika kiini cha suala letu. Mwaka 1869 Mendeleev alizipanga elementi zilizojulikana wakati huo akaona kwamba tabia zao hujirudia kwa vipindi. Jedwali hilo kwa Kiswahili liliitwa "jedwali radidi", kutokana na kitenzi cha kuradidi, yaani kufanya jambo tena na tena. Kwa maoni yetu hii ni moja ya istilahi zilizofanikiwa zaidi katika sayansi ya Kiswahili. Neno lilikuwemo katika lugha, lilikuwa limesahauliwa kidogo, na maana yake ndiyo hasa sheria inayoelezwa.

Lakini katikati ya jedwali palikuwa na elementi ambazo radidi yake haikuwa wazi. Chuma, kobalti na nikeli zimekaa bega kwa bega, na badala ya kutofautiana kama sodiamu inavyotofautiana na magnesi, zinafanana mno: zote tatu ni ngumu, zote huvutwa na sumaku. Sababu haikujulikana mpaka muundo wa atomi ulipoeleweka. Mwaka 1921 mwanakemia wa Kiingereza Charles Bury alieleza kwamba katika elementi hizi elektroni mpya haziongezwi katika ganda la nje, bali katika ganda lililo ndani yake, ambalo hukua kutoka elektroni 8 hadi 18. Mfululizo huo wa elementi akauita mfululizo wa mpito.

Jibu la swali la mwanafunzi ndilo hilo. Kinachopita ni ganda, wala si metali yenyewe, nalo linapita kutoka 8 kwenda 18. Tuchukue mfano. Atomi ya kalsiamu, yenye namba 20, ina elektroni zilizopangwa 2, 8, 8, 2. Skandi, yenye namba 21, ina 2, 8, 9, 2. Hapo mpito umeanza katika ganda la tatu. Chuma, namba 26, kina 2, 8, 14, 2. Shaba, namba 29, ina 2, 8, 18, 1, na zinki, namba 30, ina 2, 8, 18, 2. Mpito umekwisha. Mwalimu anayeziandika safu hizi ubaoni hana haja ya kulitetea neno "mpito". Asipoziandika, mwanafunzi atafikiri habari za serikali ya mpito, yaani kitu cha muda kinachosubiri kuondoka, ilhali chuma na dhahabu ni miongoni mwa vitu ambavyo binadamu amedumu navyo zaidi.

Tabia nyingi za metali hizi hufuata kutoka hapo. Kwa kuwa elektroni inaongezwa ndani, ukubwa wa atomi haubadiliki sana. Nusu kipenyo cha atomi ya skandi ni pikomita 162, nacho hupungua haraka hadi 128 kwa kromi, kisha hukaa karibu pale pale, kati ya 124 na 128, mpaka shaba. Ndiyo maana atomi za metali hizi hukubali kukaa mahali pa nyingine, na zikatoa aloi nyingi: kromi na nikeli ndani ya chuma, au nikeli ndani ya shaba. Elektroni za ganda la ndani pia husaidia kuzishikamanisha atomi, hivyo metali hizi kwa kawaida huyeyuka kwa joto kubwa: vanadi kwenye nyuzi 1910 za Selsiasi, chuma kwenye 1538, shaba kwenye 1085. Zinki, ambayo ganda lake limekwisha kujaa, huyeyuka kwenye nyuzi 420 tu.

Tena, metali hizi hazitoi idadi moja tu ya elektroni. Chuma huweza kutoa mbili au tatu. Manganizi huweza kufikia saba. Kutoka skandi hadi manganizi kiwango cha juu hupanda hatua kwa hatua, tatu, nne, tano, sita, saba, kisha baada ya hapo hushuka. Na palipo na ganda lisilojaa pana rangi, kwa kuwa elektroni zake hunyonya sehemu ya mwanga. Katika zahanati za zamani hapakukosa pamanganeti, dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda. Rangi yake ni ya manganizi iliyotoa elektroni zote saba. Marhamu ya zinki ni nyeupe, kwa sababu zinki haina ganda la kuonyesha rangi. Kutu ni nyekundu, na udongo mwekundu wa Tanzania ya kati umepata rangi yake kutoka kwenye oksidi za chuma.

Hapa tungependa kusema neno kwa ajili ya "mrututu". Vitabu vingi vya kemia huandika "salfeti ya shaba" na kuliacha jina hili kama la wauza dawa za kienyeji. Jina lilikuja kwa wafanyabiashara wa Kihindi, nao Wagujarati wana neno linalofanana nalo sana. Mrututu ulitumiwa kwa vidonda, na ukichanganywa na chokaa hunyunyiziwa mizabibu kuzuia ukungu, ufundi ulioanzia huko Bordeaux, Ufaransa, katika karne ya 19. Fuwele zake za buluu zikichomwa hutoa maji na kugeuka nyeupe. Zikidondoshewa maji, buluu hurudi. Hakuna jaribio rahisi kuliko hilo la kuonyesha kwamba rangi ya metali ya mpito hutegemea pia vitu vilivyoizunguka. Mwanafunzi akiambiwa kwamba mrututu ndio salfeti ya shaba, atakuwa ameunganisha duka la dawa na maabara kwa sentensi moja. Basi tunashauri majina yote mawili yaandikwe: la kwanza kwa bidhaa, la pili kwa kampaundi.

Turudi Singida, maana suala la mipaka ya istilahi hii si la darasani peke yake. Wachimbaji wadogo wa mkoa huu, kama wenzao wa mikoa mingine, wameitumia zebaki kwa miaka mingi kukamata dhahabu. Mawe husagwa, unga huoshwa kwenye mwalo, na kwa kuwa dhahabu ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, huzama chini mchanga ukichukuliwa na maji. Kisha huongezwa zebaki, ambayo huungana na chembe za dhahabu, na mchanganyiko huo huchomwa. Zebaki hupanda hewani kama mvuke, dhahabu hubaki. Mvuke huo ni sumu ya mishipa ya fahamu, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020.

Je, zebaki ni metali ya mpito? Vitabu vingine huiweka humo, kwa kuwa imo katika safu ya zinki katikati ya jedwali. Kwa maelezo yanayofuatwa leo kimataifa, metali ya mpito ni elementi ambayo atomi yake, au ayoni yake ya kawaida, ina ganda dogo aina ya d lisilojaa. Zebaki, kama zinki, haina. Shaba imejaa ikiwa tupu, lakini ikitoa elektroni mbili ganda hufunguka, kwa hiyo imo. Tunapendekeza mfasiri afuate kanuni hiyo na asitegemee mahali pa elementi katika jedwali. Tofauti hii inaonekana hata kwa mkono: zebaki ni kiowevu mpaka nyuzi 39 chini ya sifuri, na kuchemka kwake kwepesi ndiko kunakoifanya iwe hatari kwa mchomaji asiyefunika chombo.

Dhahabu kwa upande wake inazo tabia za mpito kamili, ingawa ni baridi na haishiki kutu. Penye oksijeni na sianidi huyeyuka na kufanya ayoni changamano, na kwa tabia hiyo ndipo mitambo mikubwa huichenjua, kama vile mgodi wa Singida uliopo Ikungi, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 1923 ukiongezwa miaka mia moja kamili, yaani 2023. "Kuchenjua" ni neno zuri ambalo lilikwisha kutumika na wachimbaji na maofisa wa madini kabla vitabu vya kemia havijalitambua. Yapo mengine ya namna hiyo: "mwalo" kwa mahali pa kuoshea, "marudio" kwa mchanga uliokwisha kuoshwa lakini wenye mabaki ya dhahabu. Marudio yale ya zebaki yakipelekwa kwenye sianidi hutokea kampaundi za zebaki zinazoyeyuka katika maji, na kuenea mbali zaidi. Onyo la jambo hilo lisiloandikwa kwa maneno ya mwaloni halitasomwa na anayehusika.

Kwa sasa kemia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na Tume ya Rais ya Elimu iliyopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kuanzia kidato cha kwanza haikukubaliwa katika jambo hilo. Kwa hiyo istilahi nyingi tulizozitaja hazijapata darasa la kuzijaribu. Baadhi bado zinayumba: wako wanaosema "namba ya oksidisho" na wako wanaosema "hali ya uoksidishaji", na ule upungufu wa ukubwa unaozifanya fedha na dhahabu kuwa na atomi za karibu pikomita 144 zote mbili, ingawa dhahabu ina elektroni 32 zaidi, tungependa uitwe "mnyweo wa lanthanidi", kwa kuwa nguo ikinywea kila mtu anaelewa. Walimu wa sayansi wa Iramba, Mkalama na Ikungi, pamoja na maofisa wa madini wanaozunguka mialoni, watatusaidia sana wakituandikia maneno wanayoyasikia huko, hasa jina la ule mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kabla haujachomwa, na jina la mabaki yake baada ya kuchomwa.